Manifodi ya Kwenda Ibaba

Mama yangu alitaka kitu kimoja tu, na alikisema mara moja, hakurudia: "Nataka nifike nyumbani nikiwa naona." Hakusema anataka kupona. Hospitali walikuwa wameshaniita pembeni ya korido, wakaniambia kwa ile sauti yao ya chini kwamba nimchukue tu, nikamtunze. Nyumbani kwake ni Ibaba, kule juu Ileje. Sisi tulikuwa Tunduma, masika yamechanganya, na lori langu lilikuwa limepasuka manifodi.

Manifodi, kwa asiyeijua, ni chuma chenye mikono kinachokaa ubavuni mwa injini. Kinapokea moshi wa moto kutoka kila silinda na kuupeleka mahali pamoja. Kwenye gari lenye turbo, moshi huo ndio unaoizungusha turbo, na turbo ndiyo inayoipa injini pumzi ya kupanda mlima. Yangu ilikuwa na ufa unaoingia kidole. Ukiwasha, moto unatoka pale unalamba mipira ya dizeli, turbo imelala, na lori tupu linashindwa hata kile kimwinuko cha kutoka kwangu kwenda barabara kubwa. Na Ibaba si kimwinuko.

Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini sikukodi gari. Jamani, nilihangaika. Wenye gari ndogo walinicheka, maana barabara ya juu masika ile ilikuwa tope la kufika magotini. Wenye malori walinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja mgonjwa. Mmoja aliniambia bila kupepesa macho: "Akinifia ndani ya kabini, nani atanipa mzigo tena?" Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nina hasira za karibu, sikatai, na siku zile zilikuwa karibu zaidi.

Manifodi ya dukani haikuwepo. Lori lile lilikuwa limebadilishwa injini mara mbili kabla halijafika kwangu, na hakuna aliyejua injini iliyomo ni ya gari gani. Nilizunguka Tunduma yote na ile manifodi mbovu begani. Nikavuka mpaka hadi Nakonde, kwenye maduka ya vyuma chakavu, nikaingia kila kibanda. Mzambia mmoja mzee aliipima kwa macho, akaigeuza, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto. "Takuli, mudala," akasema. Hakuna, mzee. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mabega yamechubuka, nikaitupa pale uani karibu na jiko la mke wangu, nikakaa juu yake.

Kuchomelea ufa ule ilikuwa kazi bure. Chuma cha kumimina ukikichomelea leo, kesho kinapasuka pembeni ya pale ulipochomelea. Nilikuwa nimeshajaribu mara mbili. Ikabaki njia moja, kutengeneza manifodi mpya, mimi mwenyewe, palepale uani. Nilikuwa nafanya matengenezo ya lori langu, nilikuwa na mashine ya kuchomelea na grenda, lakini manifodi ya turbo sikuwahi kutengeneza. Sikumfahamu hata aliyewahi.

Mama alikuwa barazani, amelazwa kwenye godoro, blanketi mpaka kidevuni, anatazama uani. Ndicho alichokuwa anafanya kutwa nzima, kutazama. Nilimweleza. Akafikiri kidogo, akauliza, "Itachukua siku ngapi, baba?" Mama zetu wanatuita baba, hata ukiwa na mvi. Nikasema tatu. Nilisema tatu kwa sababu sikuthubutu kusema zaidi.

Bomba nilipata kwenye mashine ya kusaga iliyokufa huko Mpemba, bomba nene la mvuke, la zamani, chuma cha heshima. Lilitosha mikono minne kamili, bila masazo. Nikakata bamba nene la kufungia kwenye injini, nikachora matundu kwa kufuata gasketi ya zamani, nikatoboa kwa drili mpaka mkono ukawa unatetemeka wenyewe hata nikishika kikombe.

Aliyekuwa ananisimamia ni jirani yetu mpangaji, dereva, Mwislamu mmoja wa Kondoa. Lori la tajiri wake lilikuwa limekwama kwenye foleni ya mpakani, siku ya nane haijasogea, utingo wake analilinda, na yeye alikuwa anakuja kukaa kwenye tofali uani kwangu kuanzia baada ya kunywa chai. Alikuwa na maneno, yule bwana. "Fundi, hapo umepinda." "Fundi, huo mkono mmoja mrefu." Mama alimpenda sana. Walikuwa wanasemezana juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni redio iliyoharibika.

"Mjukuu wangu, hicho anachotengeneza mwanangu unakijua?"

"Bibi, mimi naendesha tu. Ila naona kama kiwele cha ng'ombe."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Kweli, ile mikono ikigeuzwa juu ilikuwa kiwele kitupu. Tangu hapo kila asubuhi kabla sijasalimia ananiuliza, "Kiwele kimefika wapi?"

Kupinda bomba nene bila kulibonyeza kuna utaratibu wake. Unalijaza mchanga mkavu, unashindilia, unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, kisha unalipasha kwenye mkaa unaovuviwa mpaka liwe jekundu, ndipo unalipinda taratibu. Mchanga unazuia bomba lisijikunje ndani. Lakini lazima uwe mkavu hasa, maana ukiwa na maji, yale maji yanakuwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unalipua. Masika ile hapakuwa na punje moja ya mchanga mkavu Tunduma nzima. Mke wangu alikuwa anaukaanga. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, anakaanga mchanga kwenye karai lake kama anakaanga karanga, anageuza, anapuliza moshi, na mkaa wetu unaisha. Kila mkono ulikula mchana mzima. Siku ya kwanza tukapata mkono mmoja, siku ya pili wa pili, na yote miwili ilikuwa mizuri, nasema kweli, hata Mkondoa alinyamaza.

Siku ya tatu asubuhi mke wangu alimpelekea mama uji. Mama akampokea, akatazama huku na huku, akamuuliza, "Mbona leo ukungu umeingia mpaka ndani?" Hapakuwa na ukungu. Jua lilikuwa limetoka kidogo, la kwanza baada ya wiki. Mke wangu alikuja uani akaniambia huku amejifunga mdomo kwa ncha ya kanga. Macho yalikuwa yanaondoka. Alikuwa ameomba kitu kimoja, na nilikuwa nakipoteza mbele ya karai la mchanga.

Akili zikaniruka. Nikaingia stoo.

Lazima niseme kwamba lori langu lilikuwa la chumvi. Kiangazi nilikuwa nateremka Ivuna, napakia chumvi, nauza Tunduma na ng'ambo. Masika Ivuna hakuendeki, kwa hiyo magunia ya mwisho hulala stoo kwangu. Nikafungua gunia moja, nikatia mkono. Ilikuwa laini, inateleza kati ya vidole, kavu. Nikajiambia, hii itajaa bomba vizuri kuliko mchanga wowote.

Mke wangu alinifuata mlangoni. "Hiyo chumvi inalia," akasema.

Alikuwa anamaanisha kitu ambacho kila mtu wa chumvi anakijua. Masika, chumvi inavuta maji ya hewani. Magunia yanatoa jasho, na asubuhi unakuta sakafu imelowa. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, ndiye niliyekuwa nayapanga juu ya matofali kila mwaka na kuweka beseni chini. Beseni lilikuwa pale, miguuni kwangu, lina maji. Mtu ambaye hajawahi kuuza chumvi angeiogopa, angeuliza kwanza. Mimi nilikuwa nimeizoea mno, nimeila, nimeilalia kwenye safari, nimeishi kwayo, nikadhani naijua. Nikamwambia mke wangu aniache.

Nikajaza, nikashindilia, nikaziba, nikapasha. Bomba lilianza kutoa mlio mdogo wa kutatarika, nami nikasema ni chumvi tu inajipanga. Lilipokaribia wekundu kigingi kikatoka. Nilichosikia ni kama mlango wa lori umebamizwa kichwani mwangu. Kigingi kilipita karibu na shavu langu, kikagonga kinyago changu cha kuchomelea kilichotundikwa kwenye nguzo, na chumvi ya moto ikanimwagikia mkono wa kushoto kutoka kiwiko mpaka kidole. Bomba lenyewe lilikuwa limechanika kwa urefu.

Mke wangu alikuwa ameshashika ndoo ya maji. Mkondoa aliniketisha chini kwa nguvu. Kutoka barazani mama akauliza, "Umeungua, baba?" Nikasema kidogo. Akasema, "Basi kaa kwanza." Nikakaa. Nililia pale chini, mtu mzima, mbele ya jirani, nikiwa nimeshika mkono wangu ndani ya ndoo. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu lile beseni nililiona.

Bomba jingine hapakuwa. Nilichokuwa nacho ni lile lililochanika na kipande cha mkono wa nne. Ikabidi nifanye kazi ya kushona viraka: kukata vipande vifupi vifupi vya mshazari na kuviunga kimoja kimoja mpaka vifanye kona. Mkono uliopindwa una kiungo kimoja kila ncha. Mkono wa viraka una viungo sita, saba, na kila kiungo lazima kichomelewe mzunguko mzima bila tundu. Na kile kigingi kilikuwa kimevunja kioo cheusi cha kinyago.

Kioo kingine kilikuwa Mbeya. Kwenda Mbeya na kurudi ni siku nzima, na mimi siku nzima sikuwa nayo. Nikavaa miwani mbili za jua, moja juu ya nyingine, yangu na ile ya mke wangu aliyovaa siku ya sherehe yake ya sendofu. Mkondoa akaniambia, safari hii bila utani, "Fundi, utapofuka." Nikamwambia ama ashike bomba ama aondoke. Akashika bomba, akageuza uso pembeni.

Nililifunga lile bamba kwenye injini yenyewe kwa boliti zote, ili lisijikunje kwa joto, nikachomelea mikono ikiwa palepale garini. Siku ile na mbili zilizofuata, kutwa. Mkono wa kushoto umefungwa kitambaa chenye asali, wa kulia unachomelea. Umeme ukikatika nakaa nasubiri nimeshika vyuma mkononi, naogopa kumtazama mama asije akaniuliza chochote. Hakuniuliza. Hata habari ya kiwele aliacha. Alikuwa amelala uso umeelekea uani, macho wazi, na sikuweza kujua kama ananiona.

Saa kumi jioni ya siku ya tano nikafunga turbo, nikawasha. Moshi haukutoka popote. Nikakanyaga mafuta, na turbo ikapiga filimbi. Wee acha tu. Ile filimbi nyembamba inayopanda, sikuwahi kusikia kitu kizuri kama kile. Nikakimbia barazani nikiwa bado na mafuta mikononi. Mama alikuwa anatabasamu. "Kinanyonyesha," akasema.

Kabla ya alfajiri macho yangu yakaniambia niliyoyafanya. Mwanga wa kuchomelea hauumi papo hapo. Unasubiri ulale. Niliamka nikadhani mtu amenimwagia mchanga wa moto chini ya kope. Sikuweza kuyafungua hata kidogo, machozi yanatiririka tu. Mke wangu akakata viazi mbatata, akanibandika vipande kwenye macho, akafunga kitambaa kichwani. Nikakaa kitandani nimeshika magoti. Gari ninalo, linapiga filimbi, na dereva wake ni kipofu.

Nilimsikia Mkondoa anaongea na mke wangu mlangoni. Kisha akaja akasimama mbele yangu. "Naomba ufunguo," akasema. Nikamwambia hajawahi kufika Ileje, haijui njia. Akasema, "Bibi anaijua."

Tuliondoka asubuhi. Mke wangu alibaki na mtoto. Mama tulimkalisha katikati, katika blanketi, akiegemea begani kwangu, mwepesi kupita kiasi. Mimi mlangoni, viazi machoni. Tulipochepuka Mpemba na kuiacha lami, alianza kunisimulia njia. Mwanzoni maneno machache tu. "Hapa ni daraja. Wamefua, nguo zimetandazwa." "Hapa watoto wanakwenda shule, wamejitwika viatu." Nikawa nashukuru kimoyomoyo, nikimshukuru Mungu na zile miwani mbili na hata maumivu. Alikuwa anaona.

Tulipoanza kupanda, baada ya Itumba, lori likainua kichwa na turbo ikashika filimbi yake. Nilisikiliza viungo vyangu kimoja kimoja. Nilikuwa najua kila kiraka kilipo, na kila shimo nilikuwa nasubiri kimoja kiachie. Hakikuachia. Baridi ikaingia, Mkondoa akafunga kioo. Mama ndiyo kwanza akazidi kusema. Sauti yake ikapata nguvu ambayo sikuisikia tangu hospitali. "Sasa inakuja kona ya kulia, kali. Chini yake kuna shamba la viazi." "Ukimaliza hiki kilima kuna jiwe kubwa kushoto, tulikuwa tunapumzikia mizigo pale nikiwa msichana." "Taratibu hapa, kuna kijito kinakatiza." Mkondoa hakusema neno, na nilidhani ni woga wa mlima. Mimi nilikuwa naona yote nyuma ya viazi vyangu: jiwe, kijito, mahindi ya watu. Kabla ya ile kona ya kwanza nilimsikia akimnong'oneza Mkondoa kitu, na Mkondoa akamjibu, lakini injini ilikuwa inaunguruma na sikupata neno.

"Nyumba ya mdogo wangu hiyo," akasema mwishoni. "Moshi unatoka jikoni. Simama hapo, mjukuu wangu." Lori likasimama. Mlango ukafunguliwa, na nikasikia sauti ya mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, akilia na kucheka. "Mmepitaje na ukungu huu?" aliuliza. Ibaba ukungu ni jambo la kila siku, nikadhani ni wa pale juu tu.

Macho yangu yalifunguka siku ya pili. Siku ya tatu kukapambazuka kweupe, tukamtoa mama uani, tukamkalisha kwenye mkeka uso umeelekea bonde. Alinyoosha kidole akataja nyumba moja baada ya nyingine, ya nani na ya nani, na ule mti alioupanda baba. Nilikaa pembeni yake na mkono wangu wa kidonda, nikawa mwenye furaha. Nilifika naye akiwa anaona. Siku ya nne alfajiri alituacha, akiwa amelala kitandani.

Mkondoa alikuja kwa siku moja akakaa wiki. Alishika jembe pamoja na vijana wa pale, akachimba kaburi mpaka mwisho, na wakati wa sala za wenyeji alisimama pembeni amevua kofia. Tuliporudi niliendesha mimi. Ilikuwa siku safi, unaona milima ya Malawi. Nilikuwa nalitafuta lile jiwe kubwa nimwonyeshe, na nilipoliona nikamwambia, "Si hili alilolisema mama?"

Mkondoa akalitazama vizuri, akageuza shingo kulifuata mpaka tukalipita. "Ndiyo kwanza naliona," akasema.

Nikamwambia asinitanie.

"Fundi, siku ile sikuona kitu. Tangu chini kabisa, tulipoanza kupanda. Ukungu ulishuka nikawa sioni hata taa zangu. Nilitaka kukuambia, bibi akanifinya paja. Alijua ungesema tusimame." Akajifuta uso. "Kwanza alinisogelea sikioni, akaniuliza, 'Mjukuu wangu, na wewe unaona ukungu?' Nikamwambia bibi, ni ukungu mtupu. Unajua alivyoshusha pumzi? Akasema, 'Afadhali. Nilifikiri ni macho yangu.' Ndipo akaanza kunitajia kona. Zile kona alikuwa hakusimulii wewe. Alikuwa ananiendesha mimi."

Niliendelea kuendesha kidogo. Nilikuwa nafikiria kile kidole chake kule uani, kikinyooka kwenye nyumba moja baada ya nyingine, na kwamba sasa sitajua kamwe kama alikuwa anaziona. Kwenye kona iliyofuata nikakanyaga breki, nikashuka, nikafungua boneti, na nikainama pale muda mrefu nikijifanya naangalia manifodi.